Magurudumu ya rezini: tisa yalitoka safi, kuanzia la kumi yana vitundu sehemu moja tu. Kosa ni la kalibu, rezini au mimi?

#1 Gurudumu_la_Nyuma

Wakuu, habari za humu. Niende moja kwa moja.

Natengeneza lori la modeli la kipimo cha 1/35. Linahitaji magurudumu kumi na la akiba. Gurudumu mama nimelichonga mwenyewe, kazi ya wiki tatu, nikalitengenezea kalibu (umbo la kumiminia) ya vipande viwili kwa silikoni ya platini, yaani inayogandishwa kwa kichocheo cha platini, ile ya kuchanganya nusu kwa nusu. Rezini, ile plastiki ya majimaji inayoganda ukishaichanganya, ni poliyurithani ya chupa mbili, muda wa kufanya kazi dakika tatu. Kalibu naifunga kwa mipira, naisimamisha kwa ubavu, mlango wa kumiminia ukiwa juu kabisa na njia ya hewa pembeni yake. Sina kompresa, sina tangi la presha, sina pampu ya kunyonya hewa. Nina mikono na subira tu.

Magurudumu tisa ya kwanza yalitoka safi, hata maandishi ya ubavuni mwa tairi unayasoma kwa lenzi. Matatu nikayaharibu mwenyewe kwa kuyatoboa vibaya katikati, ndiyo maana nikaendelea kumimina. Kuanzia la kumi, vitundu. Vidogo kama ncha ya pini, nimehesabu 14 kwenye gurudumu moja, na vyote viko sehemu ileile, kwenye kashata za tairi kuanzia saa nne hadi saa tano. Kwingine kote safi. La kumi na moja hivyohivyo. La kumi na mbili hivyohivyo.

Kalibu ileile, rezini ileile, mtu yuleyule. Kimebadilika nini?

#2 Mpita_Njia

Ngoja waje wenye ujuzi. Naweka kiti hapa.

#3 Kona_ya_Msasa

Hewa iliyonasa hiyo mkuu, usiumize kichwa. Saa nne hadi saa tano ni pale juu kushoto, jirani na mlango. Rezini inajaa kutoka chini, hewa inasukumwa juu, ikikuta kona za kashata inajibanza na haitoki tena. Chukua wembe, chonga njia nyingine ya hewa hapohapo saa nne, nyembamba kama unywele, ipande mpaka ukingo wa juu wa kalibu. Mimi nikimimina mikono ya sanamu kila ncha ya kidole ina njia yake. Baadaye unakata ndevu za rezini zilizoganda kwenye njia hizo, unapitisha msasa, kwisha kazi.

#4 Bi_Kipimo

Kabla mtu hajatoboa chochote: saa nne ipi? Saa nne tunayoisema, ambayo mshale mfupi uko kwenye 10, au namba 4 yenyewe iliyoandikwa kwenye uso wa saa? Moja iko juu kushoto, nyingine iko chini kulia. Dawa zake si moja.

#5 Gurudumu_la_Nyuma

Dada, umeniokoa, wembe nilishaushika. Namaanisha namba 4 na namba 5. Chini kulia.

#6 Kona_ya_Msasa

Basi nafuta kauli. Hewa haizami.

#7 Mpita_Njia

Hahaha! Kidogo kalibu ya watu itobolewe kwa sababu ya saa.

#8 Chaki_na_Kemia

Nikuulize: hiyo rezini uliifungua lini, na chupa zimebaki na kiasi gani?

Sababu ya kuuliza ni hii. Chupa moja ya poliyurithani ina isosayaneti. Isosayaneti ikikutana na maji, hata yale kidogo yaliyomo kwenye hewa, inatoa hewa ya ukaa, na rezini inaumuka. Sponji ya godoro hutengenezwa hivyohivyo, wao wanaweka maji kwa makusudi. Chupa ikishafika nusu, nusu nyingine ni hewa, na kila ukifungua unaingiza hewa mpya yenye unyevu wake. Magurudumu tisa safi halafu la kumi bovu, kwangu mimi hiyo ni chupa iliyochoka.

#9 Gurudumu_la_Nyuma

Mwalimu, ina miezi miwili na imefika nusu. Umenigusa penyewe.

#10 Bi_Kipimo

Lakini mwalimu, unyevu ukiwa ndani ya rezini utachagua vipi namba 4 na 5? Viputo vingetapakaa gurudumu zima, na vingi vingepanda juu kwenye mlango. Huyu ana vitundu chini, sehemu moja, kwingine safi. Unyevu wenyewe siupingi. Napinga kwamba unajua kuchagua kona.

#11 Chaki_na_Kemia

#10 swali zuri. Labda unyevu uko kwenye kalibu, hauko kwenye chupa. Mleta uzi, unapaka poda ndani ya kalibu?

#12 Gurudumu_la_Nyuma

Napaka. Nilisoma kwamba poda inasaidia rezini kutambaa kwenye kona badala ya kujikunja. Napiga kwa brashi laini halafu nakung'uta.

#13 Chaki_na_Kemia

Ni kweli inasaidia. Ila soma kopo. Poda nyingi za watoto siku hizi hazina talki, ni wanga wa mahindi, na wanga unashika unyevu. Ukikung'uta upande mmoja, inabaki upande wa pili. Hapo ndipo penye vitundu vyako.

#14 Gurudumu_la_Nyuma

Kopo linasema wanga wa mahindi. Ila nilianza kuitumia kwenye gurudumu la saba. La saba, la nane na la tisa ni safi kabisa, ndiyo mazuri kuliko yote.

#15 Mpita_Njia

Mwalimu amepigwa chenga na gurudumu la saba.

#16 Mzee_wa_Tangi

Vijana mnazunguka sana. Nunua tangi la presha, tia kalibu ndani, weka psi 40 hadi 60, acha mpaka igande. Kwenye presha ya mara nne ya hewa ya kawaida kiputo kinakuwa robo ya ukubwa wake, kingine kinayeyukia humohumo ndani ya rezini. Nimemimina hivyo miaka mingi, vitundu siku hizi navisoma kwenye mabandiko ya watu.

#17 Bi_Kipimo

Shikamoo mzee. Sahihisho dogo: kinachokuwa robo ni ujazo. Kipenyo kinabaki kama asilimia 63 ya mwanzo. Kiputo cha milimita moja kinakuwa cha milimita 0.63, bado jicho linakiona. Kazi kubwa ya presha ni hiyo ya pili uliyoitaja, kukiyeyusha.

#18 Mzee_wa_Tangi

Marahaba binti. Nimekubali, hesabu hainigombanishi na mtu. Ila tangi libaki palepale.

#19 Mkono_Mwepesi

Mzee, umemficha jambo moja. Kalibu yake ilimiminwa bila presha wala vakyumu, kwa hiyo ndani ya silikoni yenyewe kuna viputo. Akiiweka kwenye tangi, viputo hivyo vitabonyea, uso wa kalibu utaingia ndani kidogo, na gurudumu litatoka na vinundu badala ya vitundu. Yalinikuta. Nilimimina injini nzuri ya modeli ikatoka ina chunusi. Anayetaka kumimina rezini kwa presha, na silikoni aigandishe kwa presha ileile au zaidi.

Na jambo la pili: usichukue tangi lolote la chuma ukalifunga kifuniko. Lina kiwango chake kimeandikwa, valvu ya usalama iwe nzima, na usifungue kabla geji haijasoma sifuri. Kifuniko kikiruka hakichagui.

#20 Mzee_wa_Tangi

Hapo umesema kweli tupu.

#21 Lugha_Sanifu

Samahani kwa kuchepuka. Nimefurahi sana kuona neno KALIBU humu. Watu wote siku hizi wanasema moldi. Na kitendo chenyewe ni KUSUBU: mhunzi anasubu chuma kwenye kalibu.

#22 Mpita_Njia

Mimi nilivyoona kichwa cha uzi nilidhani mtu ameshindwa kuandika karibu. Nikaingia kukaribia.

#23 Lugha_Sanifu

Karibu kwenye kalibu.

#24 Mkono_Mwepesi

Turudi kwenye gurudumu. Mleta uzi, unamimina kwa mkono gani, na mkondo unaangukia wapi?

#25 Gurudumu_la_Nyuma

Mkono wa kulia. Nainua kikombe juu kidogo, mkondo mwembamba kama uzi, ili viputo vipasuke njiani. Kikombe nakiinamisha kutoka kushoto, kwa hiyo mkondo unaingia mlangoni kwa mshazari na kuteremkia upande wa kulia.

#26 Mkono_Mwepesi

Nilijua. Mkondo wako unapiga chini kulia kila mara. Namba 4, namba 5. Hapo pana mambo mawili. Kwanza, rezini ikianguka kwa kasi inaburuta hewa na kuisukumia kwenye kona za kashata. Pili, na hili ndilo kubwa, hapo ndipo rezini mbichi inapoisugua silikoni kila siku. Silikoni mpya ina mafuta yake kidogo usoni. Kila unapomimina unayala. Yakiisha, uso unakauka, rezini inaanza kung'ang'ania, ukivuta gurudumu linatoka na chembe za kalibu au kalibu inabaki na chembe za gurudumu.

Chukua tochi, ilaze pembeni, angalia kalibu pale namba 4. Panang'aa au pamefifia?

#27 Gurudumu_la_Nyuma

Wakuu. Nimewasha tochi. Kuna doa limefifia, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kuanzia karibu na namba 4 mpaka kupita 5 kidogo. Sehemu nyingine zinang'aa. Nimepitisha kidole, panakwaruza kwa mbali kama ulimi wa paka.

#28 Kona_ya_Msasa

Kesi imekwisha. Hakimu inuka.

#29 Bi_Kipimo

Haijaisha. Magurudumu tisa ni machache mno kwa silikoni ya platini kuchakaa. Mimi kalibu ya silikoni ya bati, yaani inayogandishwa kwa kichocheo cha bati, ambayo ni dhaifu zaidi, nimetoa vipande zaidi ya thelathini ndipo ikaanza kukatika kwenye kingo, na hata hapo haikuchagua doa moja. Hilo doa lina sababu nyingine. Mleta uzi, ulipotengeneza nusu ya kwanza ya kalibu, gurudumu mama ulilizamisha kwenye udongo gani?

#30 Gurudumu_la_Nyuma

Udongo wa kuchezea watoto. Wa kijani.

#31 Bi_Kipimo

Basi nina shaka na salfa. Baadhi ya udongo wa aina hiyo una salfa, na silikoni ya platini ikigusa salfa haigandi vizuri. Kilo moja nzima ya silikoni iliniponyoka hivyo: juu imeganda safi, chini palipogusa udongo ni utelezi kama gundi, na ulikuwa umenishikia kipande nilichokichonga mwezi mzima. Nilikisafisha kwa mswaki siku mbili. Platini haitaki salfa, haitaki bati, haitaki glavu za mpira wa asili, na haitaki vipande vilivyochapwa kwa rezini ya mwanga ambavyo havijaoshwa na kukaushwa vya kutosha. Ni malkia, ana miiko.

Nadhani chembe ya ule udongo ilibaki kwenye kashata pale chini. Silikoni ikaganda nusunusu. Ikavumilia mara tisa, ya kumi ikaanza kubanduka.

#32 Mkono_Mwepesi

Bi Kipimo, silikoni iliyokataa kuganda inanata siku ya kwanza. Gurudumu la kwanza lingetoka na doa. Yeye anasema maandishi alikuwa anayasoma!

#33 Bi_Kipimo

Iliyokataa kabisa ndiyo inanata. Iliyoganda pungufu inaweza kuonekana nzima na bado ikawa laini kuliko jirani yake. Aibonyeze kwa ncha ya kiberiti atuambie.

#34 Gurudumu_la_Nyuma

Nimebonyeza hapo na pengine. Nikisema kuna tofauti nitakuwa najidanganya, nikisema hakuna pia.

#35 Mpita_Njia

Jibu la mwanasiasa.

#36 Sealanti_Mtu

Mimi natumia silikoni ya bomba, ile ya kuziba nyufa bafuni inayonuka siki. Unaikamulia kwenye maji yenye sabuni nyingi, unaikanda mikono ikiwa imelowa, inakuwa kama donge, unaibandika juu ya kipande. Haihitaji mizani wala nini. Mnajitesa bure.

#37 Kona_ya_Msasa

Kwa kokoto na mifuko ya mchanga ya modeli inafaa. Kwa maandishi ya ubavuni mwa tairi, thubutu. Donge halitambai kwenye kona, na lenyewe limeshabeba mikunjo ya vidole vyako. Halafu ile siki inakula rangi ya gurudumu mama. Mimi ilinichubulia praima yote.

#38 Sealanti_Mtu

Kila mtu na kokoto zake.

#39 Pumzi_Fupi

Naingilia kidogo. Nimesoma mabandiko 38 na hakuna aliyeuliza dirisha liko wapi.

Nilimimina poliyurithani miaka minne kwenye chumba cha kulala, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie. Mwaka wa nne nikaanza kukohoa kila nikifungua chupa. Nikadhani mafua. Sasa hivi mtu akifungua chupa hiyo chumba cha jirani kifua changu kinabana. Daktari aliniambia mwili umeshaijua isosayaneti na hautaisahau. Hobi ya rezini kwangu iliishia hapo, siku hizi nakunja karatasi. Hewa ipite, glavu za nitrili, na kuchonga iwe kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke. Na mnaotumia rezini ya epoksi msijione mmesalimika, hiyo inashika ngozi: mikono inawasha na kuvimba, na ikishakuanza hairudi nyuma.

Endeleeni na vitundu.

#40 Gurudumu_la_Nyuma

Pole sana mkuu, na asante. Dirisha nimelifungua sasa hivi nikiwa nasoma.

#41 Mzee_wa_Tangi

Pole mwanangu. Mimi namiminia nje kibarazani na barakoa ya vichujio usoni. Watoto wa jirani wananiita rubani.

#42 Mkono_Mwepesi

Mleta uzi, fanya jaribio tujue nani mwongo. Ziba mlango wa juu kwa silikoni kidogo, chonga mlango mpya upande wa pili, kwenye namba 6, na njia yake ya hewa. Halafu igeuze kalibu kichwa chini. Kama kosa ni la uso wa kalibu, vitundu vitabaki namba 4 na 5. Kama ni mkondo, vitahama, vitakuwa namba 10 na 11, kwa sababu chini kulia ya sasa ndiyo hapo.

#43 Chaki_na_Kemia

Jaribio zuri. Kibadilishe hicho kimoja tu. Rezini ileile, poda ileile, mkono uleule.

#44 Bi_Kipimo

Na joto la chumba liandike. Likipanda nyuzi 10 mmenyuko unakwenda kama mara mbili, dakika zako tatu zinakuwa moja na nusu, na rezini inaanza kuwa nzito kabla viputo havijatoka.

#45 Mwenye_Haki

Swali la pembeni. Mkishajua kumimina hivi, kuna anayenakili vipande vya makampuni akaviuza?

#46 Kona_ya_Msasa

Wapo, na humu hawatakujibu. Kujitengenezea bawa moja lililopotea kwenye boksi lako mwenyewe, binafsi sioni ubaya. Kununua seti moja ya mchongaji, kuitia kwenye silikoni na kuuza hamsini ni wizi wa mchana. Yule alikesha kuchonga, wewe umekesha kumimina.

#47 Sealanti_Mtu

Na nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama, kwa hiyo mwizi anajulikana kwa rula.

#48 Mpita_Njia

Lakini silikoni ya platini haisinyai hata chembe, nimesoma.

#49 Bi_Kipimo

Inasinyaa, ila kidogo sana, chini ya asilimia 0.1. Ya bati ndiyo inasinyaa zaidi na inaendelea kusinyaa hata ikiwa kabatini, kwa sababu inapoganda inatoa alkoholi. Na rezini nayo ina mnyweo wake. Ukinakili nakala ya nakala, vipande vinaacha kukutana.

#50 Gurudumu_la_Nyuma

Wakuu, nimerudi. Siku tatu sikuwepo, sababu mtaicheka: nilipoziba mlango wa zamani nilifunga kalibu nusu zikiwa zimegusana na ile silikoni mbichi, na sikupaka mafuta ya mgando katikati. Silikoni ya kalibu haishiki karibu kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake. Nusu mbili zikawa moja pale juu. Nimezitenganisha kwa wembe, jasho linanitoka, zimepona.

Matokeo. Nimemimina matatu kupitia mlango mpya, namba 6, kalibu kichwa chini. Joto la chumba 24. Gurudumu la kumi na tatu: vitundu vitano namba 4 na 5, vitundu sita namba 10 na 11. La kumi na nne: vitatu na saba. La kumi na tano: vinne na vinne.

Viko pande zote mbili.

#51 Mkono_Mwepesi

Namba 10 na 11! Vimehama kufuata mkondo kama nilivyosema.

#52 Bi_Kipimo

Na namba 4 na 5 vimebaki palipo na doa kama nilivyosema.

#53 Kona_ya_Msasa

Taratibu. Kalibu ikiwa kichwa chini, namba 4 na 5 ziko juu kushoto, jirani na mlango. Hapo hewa inanasa. Kumbukeni bandiko #3, mlinicheka. Na namba 10 na 11 ndiyo saa nne na saa tano za Kiswahili. Nilisema kweli kabla ya wakati wake.

#54 Mpita_Njia

Nimeangua kicheko peke yangu. Huyu alitabiri vitundu ambavyo havijazaliwa.

#55 Chaki_na_Kemia

Jumla yake hamjaiangalia. Mwanzo 14, sasa 11, 10, 8. Vinapungua. Je, kuna kitu kingine ulibadilisha? Fikiri vizuri. Hata kidogo.

#56 Gurudumu_la_Nyuma

Hakuna... Nilirudia vijiti vya plastiki vya kukorogea. Vilikuwa vimekwisha, nikawa natumia vya mbao, juzi nikapata vingine vya plastiki.

#57 Chaki_na_Kemia

Vya plastiki vilikwisha lini?

#58 Gurudumu_la_Nyuma

Nimeangalia daftari. Vilikwisha gurudumu la tisa.

#59 Mpita_Njia

LOOO!

#60 Chaki_na_Kemia

Mbao inabeba maji. Ukikoroga, unayakabidhi kwa isosayaneti moja kwa moja. Hata vikombe vya karatasi nimeviacha kwa sababu hiyo. Kuanzia la kumi, umesema mwenyewe siku ya kwanza. Kalibu ileile, rezini ileile, mtu yuleyule, kijiti kipya.

#61 Bi_Kipimo

Mwalimu, swali langu la #10 bado linakusubiri. Kijiti hakijui namba 4 iko wapi. Na alipokirudisha cha plastiki vitundu havikwisha.

#62 Chaki_na_Kemia

Rezini imeshashika unyevu chupani, ndiyo maana havijaisha. Ila sehemu moja tu, kweli sina jibu.

#63 Mkono_Mwepesi

Jibu ninalo mimi: unyevu unatengeneza viputo, mkondo unavipeleka. Mwalimu ana nusu, mimi nina nusu.

#64 Bi_Kipimo

Na doa langu linavishika visitoke. Theluthi tatu sasa. Tukiendelea hivi kila mtu atapata kipande chake cha gurudumu.

#65 Mzee_wa_Tangi

Psi 50 na yote haya msingeyajua.

#66 Gurudumu_la_Nyuma

Nimefungua chupa mpya, kijiti cha plastiki, kalibu ileile. Gurudumu la kumi na sita: vitundu vitatu. Halafu nikatengeneza kalibu mpya kwa udongo usio na salfa, nikamimina rezini ya zamani kwa kijiti cha plastiki. Manne mfululizo, hakuna kitundu hata kimoja.

#67 Bi_Kipimo

Kalibu basi.

#68 Mkono_Mwepesi

Manne hayathibitishi chochote. Kalibu ya kwanza nayo ilikuwa safi mpaka tisa. Mimina saba mengine ndipo tuzungumze.

#69 Gurudumu_la_Nyuma

Mkuu, sita ya mwanzo na manne haya ni kumi, nilikuwa nahitaji kumi na moja. La kumi na sita lenye vitundu vitatu nimeliweka ndani nyuma, chini ya bodi, vitundu nimevigeuza vitazame chini. Lori limesimama. Rezini imebaki vidole viwili chupani na sitaki kuiona mwezi huu.

#70 Kona_ya_Msasa

Hongera mkuu, tupia picha. Ila hakikisha vimetazama chini kweli, yaani saa sita.

#71 Bi_Kipimo

Saa sita ipi?